Kabla ya Kalkulasi ya Pili

Wenzangu mnaobaki katika idara, siku ile ya chai ya kuniaga mliniomba niwaachie kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kufundisha. Mmoja wenu akaongeza, "Za kututia moyo, Madam." Sijui kama hizi zitawatia moyo. Vyeo nilivyopata mtavikuta kwenye faili, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ndio huohuo wenu. Mimi nitasema habari ya somo moja tu, lile ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulitaja kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa: kalkulasi ya muhula wa pili.

Nilifika hapa chuoni Embu nikiwa msichana wa miaka ishirini na sita, na sketi mpya na noti nilizokuwa nimeziandika upya mara tatu. Kwetu ni Githongo, kule kwa Wameru, kwenye kahawa. Mama alikuwa amenishonea mfuko wa kitambaa wa kuwekea chaki, maana aliamini kwamba mwalimu asiye na chaki zake mwenyewe ataishia kuombaomba. Nilimcheka. Wiki ya pili chaki za idara ziliisha, nikaacha kumcheka.

Darasa langu la kwanza lilikuwa na watu sitini na kitu. Nilifundisha saa nzima bila kumeza mate. Kila nilipojaza ubao niligeuka nikauliza, "Tuko pamoja?" Nao wakanijibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Madam!" Nilirudi ofisini nikijiona nimezaliwa kwa ajili ya kazi hii. Wiki ya tatu niliwapa jaribio dogo, na nilipokuwa nikisahihisha niliwatafuta wale watu waliokuwa pamoja nami, sikuwaona.

Mkuu wa somo wakati ule alikuwa Mzee Njeru. Tulimwita Mzee ingawa mvi zake zilihesabika. Alikuwa mtu wa Mbeere, kule bondeni kwenye joto na ndengu, na alizungumza kidogo sana, labda kwa sababu alikuwa akituonea huruma. Nilimpelekea ule mzigo wa karatasi nikiwa karibu kulia. Akazipitia chache, akazirudisha mezani.

"Karimi," akasema, "mgeni akija kwenu akala, ukamuuliza kama ameshiba, anajibu nini?"

"Anasema ameshiba."

"Hata kama hajashiba?"

"Hata kama hajashiba, Mzee."

"Basi."

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu ya ualimu. Watu wa mlima huu, Wameru kwa Waembu, tumelelewa kutomwaibisha mtu aliyetuandalia. Mwalimu amesimama, ametoa jasho, ameandika ubao mzima. Nani atainua mkono amwambie chakula chake hakikushuka? Mzee alinikataza kuuliza "Tuko pamoja?" maisha yangu yote. Akaniambia nimpe mwanafunzi mmoja chaki, nikae kwenye kiti chake, ninyamaze.

Nilinyamaza, na kunyamaza kulinigharimu kuliko shahada yangu. Lakini nikiwa pale kwenye kiti cha mwanafunzi ndipo nilipoona shimo lilipo. Halikuwa kwenye kalkulasi. Mtu alianza integrali yake vizuri kabisa, kanuni sahihi, mwandiko mzuri, kisha alipofika mahali pa kujumlisha nusu na theluthi akaandika mbili kwa tano. Au alifungua mabano akaisahau alama ya kutoa nje ya mlango. Walikuwa wakianguka kidato cha pili na cha tatu, ila maiti ilikuwa ikiokotwa chuoni.

Kuna jambo lingine, na hili nawaomba mlikumbuke mnapopanga ratiba. Kalkulasi ya kwanza inampa mwanafunzi kitu na kumwuliza kinavyobadilika. Kwenda mbele kuna kanuni, ukizifuata unafika. Ya pili inamgeuza: anapewa mabadiliko, aambiwe akitafute kitu chenyewe, na hiyo ndiyo integrali. Kurudi nyuma hakuna kanuni moja, kuna njia nyingi, na kazi kubwa ni kujua ni ipi kabla ya kuanza kuandika. Darasani tunawadanganya bila kukusudia. Wiki hii tunasema ni ya kubadilisha kigeu, wiki ijayo ni ya kuintegreti kwa sehemu, na kila swali linakuja likiwa limevaa jina lake. Kwenye mtihani yanakuja uchi.

Kwa hiyo nikaanza zile wiki mbili za kabla ya muhula, ambazo baadhi yenu mliziita kambi ya jeshi. Nilikata karatasi za manila vipande arobaini, kila kipande integrali moja. Kalamu tulizikusanya kwenye kikapu mlangoni. Wazo hilo nililitoa kwa mama. Kule kiwandani Githongo kahawa haipimwi kabla haijachambuliwa: unamwaga magunia, unapiga magoti, mbivu huku, mbichi kule, iliyokauka pembeni. Hakuna anayekoboa chochote akiwa hapo. Nikawafanya wanafunzi wangu wapige magoti vilevile, kwa akili. Kadi hii iende fungu gani? Kwa nini? Ni nini umekiona? Kutatua kulikuwa marufuku.

Waliteseka. Kijana mmoja wa Runyenjes aliniuliza, "Sasa Madam, kwa mtihani watatuuliza tuchambue?" Nikamwambia hapana, watamwuliza atatue, ila hakuna atakayemnong'oneza ni fungu lipi. Baada ya kadi zilifuata sehemu, mabano na vipeo, hesabu za shule ya upili ambazo kila mtu alidhani amezizika. Na kila mtu alikuwa na daftari dogo la makosa yake mwenyewe. Hakunakili jibu sahihi. Aliandika kosa na mahali lilipoanzia. Wengi walikuja na madaftari mazuri yaliyojaa majibu ya mitihani ya miaka ya nyuma, yamenakiliwa kwa kalamu ya rangi mbili. Niliwaambia kusoma jibu la mwenzako ni kama kumtazama mtu akila.

Hayo yote nilikuwa nikiyajua, nikiyafundisha, na pengine nikijivunia kidogo. Ndiyo maana sina kisingizio kwa jambo ninalotaka kuwaeleza sasa.

Mwalimu Kobia alikuja kwetu akiwa na miaka arobaini kasoro. Alikuwa akifundisha hisabati katika shule ya kutwa upande wa Laare, kwenye miraa, mwalimu wa bodi, yaani wa kuajiriwa na shule yenyewe muhula kwa muhula, kwa sababu hakuwa na shahada. Alikuwa akisoma kidogokidogo, muhula mmojammoja kila alipopata ruhusa shuleni. Masomo yote aliyapita isipokuwa hili, ambalo alikuwa ameanguka mara moja. Mnajua sheria ya chuo: somo moja likikushinda mara tatu, unaenda nyumbani, na shahada inabaki hapa.

Safari ile ya pili alifika muhula ukianza, wiki zangu mbili zikiwa zimempita, akajikuta darasa moja na Kinya. Kinya alikuwa msichana mkimya, hodari, kutoka Laare hukohuko. Mwalimu wake wa hisabati tangu kidato cha kwanza hadi cha nne alikuwa Kobia. Kila asubuhi alimwamkia mbele ya watu wote, "Muga, Mwalimu," na kumpisha kwenye kiti. Darasa zima likaanza kumwita Mwalimu. Mwanafunzi anayeitwa Mwalimu hawezi kuuliza swali, na muda mrefu hakuuliza.

Siku moja aliuliza. Nilikuwa nimeandika ubaoni moja kwa x mraba jumlisha sita x jumlisha kumi na tatu, na mstari uliofuata nikaandika x jumlisha tatu, yote mraba, jumlisha nne. Kobia akainua mkono, kwanza nusu, kisha wote.

"Madam, hiyo nne imetoka wapi?"

Sijui nilikuwa nimeamkia upande gani siku hiyo. Maneno yalinitoka kabla sijayaonja. "Hiyo ni kukamilisha mraba, kazi ya kidato cha tatu. Nilidhani ni wewe unayeifundisha, Mwalimu Kobia."

Walicheka, mnajua darasa linavyocheka likipewa ruhusa na mwalimu. Kobia naye alitabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake. Kinya hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyetukanwa.

Kobia hakuuliza tena, na mwisho wa muhula alianguka somo hilo mara ya pili.

Mwaka uliofuata ulikuwa wangu wa mwisho kabla ya kustaafu. Nilipokuwa nikiandaa orodha ya wiki zangu mbili, Kinya, ambaye alikuwa amepita vizuri na sasa alinisaidia kusimamia kadi, alibisha hodi ofisini akasimama bila kukaa.

"Madam, samahani. Mwalimu hajaregista. Nimemuuliza, amesema ameacha."

Nikasema nitamwandikia ujumbe. Hakuondoka.

"Madam, yeye ndiye alinifunza kukamilisha mraba. Anaijua kuliko sisi wote. Ile siku alikuwa hajaona imeingia aje hapo ndani." Akashika kitasa cha mlango. "Na wewe uliruka laini mbili kwa ubao."

Aliomba radhi akatoka. Nilifungua noti zangu nikaangalia. Nilikuwa nimeruka mistari miwili kweli. Tena nitasema ukweli wote, nilijua palepale ubaoni kwamba nimeruka, na badala ya kusema nimeruka nilimfanya mtu achekwe. Niliona haya.

Jumamosi nikasafiri kwenda Laare. Mume wangu aliponiona najiandaa aliniuliza nitabeba nini. Nikasema labda nitapitia sokoni Maua nichukue kifurushi kizuri cha miraa, kwa heshima. Alicheka mpaka akakaa. "Karimi, ukiingia boma la Waigembe wa huko Laare na miraa iliyofungwa vizuri, watadhani ni posa, wakuulize umemwona msichana gani." Basi nikabeba mkate, sukari na majani ya chai kama mgeni wa kawaida, maana nilikuwa na posa moja tu, ya kumrudisha mwanafunzi.

Kinya alinipokea pale Laare sokoni akanipeleka hadi langoni, lakini hakuingia. Mke wa Kobia, Mama Mwenda, alinikaribisha kwa chai kabla hata sijataja jina.

"Ako kwa miti," akasema. "Nimemwita, amesema anakuja. Wacha tukunywe, atashuka akichoka."

Hakushuka. Tulimaliza chupa ya kwanza ya chai, tukaingia ya pili. Mwishowe Mama Mwenda akanionyesha kijia kwa kidevu. Nilimkuta juu ya mti wa miraa, miguu yake tu ndiyo iliyoonekana na mkono uliokuwa ukipita kwenye matawi. Kwa desturi ya huko mwanamke hapandi miti hiyo, na mimi na umri wangu na viatu vyangu nisingeweza hata kama ningeruhusiwa. Ikabidi nisimame kijiani nizungumze na majani.

"Mwalimu Kobia, ni mimi Karimi. Nimekuja kukuambia nilikukosea. Swali lako lilikuwa zuri. Mimi ndiye niliyeruka hatua, na niliona nimeruka, nikafanya watu wakucheke badala ya kukiri."

Mkono uliendelea kuchuma. Ndege waliimba, ng'ombe wa jirani akalia, na mimi nikangoja. Kungoja Mzee Njeru alikuwa amenifundisha.

"Madam, mimi si mtoto," sauti ikasema hatimaye.

"Najua. Ndiyo maana sikutuma mtu."

"Kinya alikuwa hapo."

"Kinya ndiye aliyenigombeza."

Mkono ukasimama. "Kinya?"

"Kwa adabu sana. Lakini alinigombeza."

Mguu mmoja ukasogea kwenye tawi. "Sasa sikia, Madam. Nikianguka hii ya tatu, barua inakuja, na kila mtu hapa Laare anajua. Hao watoto nafundisha watakuwa wanajua. Nisiporegista, hakuna barua. Nitasema bado nasoma. Naweza sema hivyo mpaka nizeeke."

Hesabu yake ilikuwa sawasawa. Asiyeingia mtihani haanguki. Nikamwambia tu kwamba sikuja kumwahidi kupita, hilo siwezi. Nilikuja kumwomba wiki mbili kabla ya muhula, bila kalamu, bila alama, na kama baada ya hapo ataona hawezi, nitamsindikiza mwenyewe hadi kituoni na sitamsumbua tena. Hakusema ndiyo. Alisema, "Mwambie Mama Mwenda akupatie ndizi za kubeba."

Jumatatu ya kwanza ya zile wiki mbili alikuja. Alikaa nyuma kabisa, kofia mkononi. Kinya alikuwa na kazi yake mbele, lakini alisogeza kiti akakaa karibu naye bila kumtazama. Tukagawa kadi. Kwa muda wa saa moja hapakuwa na sauti isipokuwa ya karatasi. Niliona Kobia akichambua taratibu, kadi moja baada ya nyingine, na ile ya x mraba jumlisha sita x jumlisha kumi na tatu aliiweka fungu lake bila hata kusita. Kisha akafika kwenye moja akaishika muda mrefu, akaigeuza, akaangalia mlango. Nilijua anachokifikiria, na mimi nikawa tena msichana wa miaka ishirini na sita.

Akasimama. "Madam, hii siioni. Inaenda wapi?"

Vichwa vikamgeukia. Wapo waliokuwa wamesikia habari za mwaka uliopita. Nikafungua mdomo, lakini Kinya alinitangulia. "Hata mimi hiyo siioni vizuri, Mwalimu," akasema kwa sauti ya kusikika.

Kinya alikuwa akiiona vizuri kabisa. Aliiandika kadi hiyo yeye mwenyewe. Ni uongo pekee uliowahi kusemwa katika wiki zangu mbili ambao nimeuombea baraka. Kule dirishani mkono mwingine ukainuka na kadi, kisha wa tatu, kisha nikashindwa kuhesabu. Tulizungumza hadi saa ya chakula ikapita, na Kobia alizungumza kuliko wote.

Kobia aliregista, na muhula ukaenda. Alikaa safu ya mbele, akaniuliza maswali hadi nikamwogopa. Daftari lake la makosa lilijaa akanunua lingine. Siku ya mtihani alitoka ukumbini akitazama chini, akapita mbele yangu bila salamu, na mimi nilienda nyumbani nikashindwa kula. Nilisahihisha karatasi zote kwa mpangilio bila kuitafuta ya kwake, ingawa vidole viliwasha. Nilipoifikia niliisahihisha mara mbili. Alama hazikuwa za kupigiwa vigelegele, lakini alikuwa amepita, na hakuna hata moja niliyompa kwa huruma.

Wiki ya mwisho nilikuwa ofisini nikipanga vitabu kwenye katoni za mafuta ya kupikia. Kobia akabisha hodi. Alikuwa amevaa koti na tai, nikajua amekuja kushukuru, nikauandaa uso.

"Muga, Madam. Nimeona matokeo."

"Hongera sana, Mwalimu. Keti."

Aliketi, akatoa karatasi ya maswali ya mtihani, imekunjwa mara nne. "Lakini hii ya sita, Madam."

Nilidhani sikusikia vizuri. Katika miaka yangu yote, waliokuja kwangu baada ya matokeo walikuja kulia, kulalamika au kushukuru. Hakuna aliyewahi kuja kwa sababu ya swali. Alama zilikuwa zimeshatoka, hakuna mtu duniani ambaye angemwuliza tena habari ya swali la sita, na yeye alikuwa ametoka Laare asubuhi kwa ajili yake.

"Hii nilifanya kwa sehemu mara moja," akaeleza, akiandika nyuma ya ratiba ya zamani. Ilikuwa ile ya e kwa kipeo cha x mara kosaini x. "Haikuisha. Nikafanya tena mara ya pili. Halafu nikaona hiyo swali yenyewe imerudi. Nikajua nimepotea, nikapiga krosi yote."

"Hukupotea," nikasema. "Ulikuwa umebakiza mistari miwili."

"Aje sasa?"

Nilitamani sana kumwambia. Nikaikalia mikono yangu. "Limerudi upande gani?"

"Wa kulia."

"Lina alama gani mbele yake?"

"Ya kutoa." Akaitazama karatasi. Nilisikia watu wakipita nje wakicheka, na saa ya ukutani ambayo nilikuwa nimesahau kuishusha. Kisha Kobia akaweka ncha ya kalamu kwenye ile alama. "Sasa naihamisha huku kushoto."

"Hamisha."

"Zinakuwa mbili." Kalamu ikaanza kukimbia. "Nagawa kwa mbili. Imeisha, Madam! Imeisha!" Akainua uso, na nilimpenda mtu huyu wakati ule kama ndugu yangu wa tumbo moja.

"Andika tena," nikamwambia. "Kutoka mwanzo, polepole."

Akaikagua kazi yake kwa wasiwasi. "Kuna mahali nimekosea?"

"Hakuna."

Akageuza karatasi upande safi, akaanza upya mstari wa kwanza. Nikasukuma katoni pembeni, nikavuta kiti karibu. Kosa halikuwepo, na mimi sikuwa na la kumfundisha tena. Nilitaka tu kumtazama akiandika.